Tahadhari ya Mapema ya Tetemeko la Ardhi: Sekunde Chache Zina Faida Gani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wa mwaka, Mlandizi)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya kazi ninayoifahamu, yaani kazi ya kupima matetemeko ya ardhi. Nikauliza, niseme nini juu ya matetemeko mbele ya watu wa Mlandizi, ambao shida zao za kila siku ni mafuriko ya Ruvu na malori ya barabara ya Morogoro? Mjumbe mmoja akanijibu kwamba tangu usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 watu wamekuwa wakiulizana swali moja: je, tungeweza kuambiwa mapema? Nitajitahidi kulijibu swali hilo, na nitalijibu kwa hesabu, kwa kuwa wanafunzi wapo na kalamu wanazo.

Usiku ule, kama saa 2 na robo, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, upande wa Mafia. Dar es Salaam watu walishuka mbio kutoka katika maghorofa. Mtikisiko ulisikika Pwani yote, Zanzibar, na hata Kenya. Tunamshukuru Mungu kwamba halikuleta maafa makubwa. Lakini lilitukumbusha kwamba mambo haya si ya Japani peke yake. Nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa, na historia yake inaeleza wazi: tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika. Mwezi Julai 2007 ardhi ilitikisika mfululizo karibu na mlima Gelai, kaskazini. Na tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera, ambayo nitairudia.

Kutabiri na kutahadharisha

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kutabiri ni kusema, "Jumanne ijayo saa 4 tetemeko litatokea mahali fulani." Jambo hilo hakuna mtu awezaye kulifanya, si Marekani wala Japani, na anayewaambia kwamba anaweza, msimpe fedha zenu. Kutahadharisha ni jambo jingine. Tetemeko limekwisha kuanza mahali fulani, nasi tunapeleka habari zake mbele yake, ili ziwafikie watu kabla mtikisiko wenyewe haujawafikia. Ni kama mtu wa bondeni anayepigiwa simu kutoka milimani kwamba mvua kubwa imenyesha huko na mto unashuka. Mvua hakuitabiri mtu. Habari tu zimekimbia kuliko maji.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1868 daktari mmoja wa San Francisco, aitwaye Cooper, aliandika gazetini kwamba vyombo viwekwe mbali na mji, na tetemeko likivitikisa vipeleke habari kwa waya wa simu ya maandishi na kugonga kengele mjini. Hakuna aliyemjengea mtambo huo wakati ule, lakini alikuwa ameuona ukweli wenyewe: umeme hukimbia kuliko tetemeko.

Hukimbia kiasi gani? Ardhi inapokatika huko chini hutoa mawimbi ya aina mbili yaliyo muhimu kwetu. La kwanza, ambalo wataalamu huliita wimbi la P, husukuma na kuvuta mwamba kama mabehewa ya garimoshi yanavyogongana kwa zamu. Hili huenda kama kilomita 6 kwa sekunde, na kwa kawaida halivunji nyumba. La pili, wimbi la S, huutikisa mwamba ubavuni, kama kamba inayochezeshwa. Hili huenda kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na pamoja na yale yanayolifuata ndilo libomoalo. Basi mharibifu hutanguliwa na mjumbe wake mwenyewe, na kadiri uwavyo mbali ndivyo nafasi kati yao inavyozidi kuwa kubwa. Kazi yote ya tahadhari ya mapema ni kumkamata mjumbe huyo karibu na kitovu, na kuitangaza habari yake kwa redio au simu, ambazo kwa umbali wa hapa nchini hazitumii hata sekunde moja njiani.

Kwa nini safu, na si chombo kimoja?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini tusiweke kipima-tetemeko kimoja tu na kengele? Jibu analo mwenyewe kila siku. Kipima-tetemeko ni chombo chepesi mno wa kuhisi. Kiweke hapa Mlandizi, na kila lori lenye shehena litakalopita barabara ya Morogoro litakitikisa. Ng'ombe watakitikisa, na watoto wakitoka darasani kwa kengele ya mapumziko watakitikisa kweli kweli. Chombo kimoja kikipiga kelele, hujui kama ni tetemeko au ni tingatinga.

Hapo ndipo inapoingia safu ya vipima-tetemeko, yaani vyombo kadhaa vilivyopangwa kwa umbali uliopimwa, vyote vikifuata saa moja, na habari zao zikisomwa kwa pamoja kama habari ya chombo kimoja kikubwa. Fikirini mvua inayokuja juu ya mapaa ya mabati. Huioni bado, lakini unasikia bati la nyumba ya mwisho linalia, kisha la nyumba ya pili, kisha la jirani, halafu lako. Kwa kufuata zamu hiyo tu umejua mvua inatoka upande gani na inakuja kwa kasi gani. Safu hufanya hivyo hivyo. Lori litavitikisa vyombo kimoja baada ya kingine kwa kufuata mwendo wake barabarani. Wimbi la tetemeko litokalo chini sana litavifikia karibu vyote kwa mara moja, likipita katika safu kwa kasi ambayo lori halina. Basi safu hujua lipi ni lori na lipi ni tetemeko, na zaidi ya hayo huonyesha tetemeko liko upande gani.

Iko faida ya pili. Mitikisiko ya ovyo haipatani: chombo hiki kikipanda, kile kinashuka. Ukivijumlisha pamoja, ovyo huuana, na ishara ya kweli hubaki. Wanafunzi wa hisabati waandike: kwa vyombo 9, mtikisiko wa ovyo hupungua mara 3, kwa maana 3 ni kipeuo cha pili cha 9. Kwa vyombo 100 hupungua mara 10.

Safu hizi hazikubuniwa kwanza kwa huruma ya kuokoa watu. Zilizaliwa katika ushindani wa mataifa makubwa, ambayo yalitaka kusikia majaribio ya mabomu ya nyuklia ya wapinzani wao. Uingereza ilijenga safu huko Eskdalemuir, Scotland, mwaka 1962, na mwaka 1965 Marekani ikaweka vyombo 525 katika jimbo la Montana. Elimu iliyotafutwa kwa ajili ya mabomu sasa inaweza kutumika kwa ajili ya watoto wa shule.

Kwetu sisi wa mwambao safu ina maana ya pekee. Tetemeko la 2020 lilitokea chini ya bahari, na chini ya bahari hatuna vyombo. Mtandao wa kawaida wa vyombo vilivyotawanyika hupata shida kidogo kujua kitovu kilicho nje ya eneo lake. Safu iliyo ufukoni husoma upande linakotoka tetemeko katika sekunde za mwanzo.

Hesabu ya Mlandizi

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa tetemeko baharini, lililo kilomita 140 kutoka hapa Mlandizi, kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na kilomita 35 kutoka safu ambayo tunaiwazia tu kuwa imewekwa Mafia. Ili hesabu iwe nyepesi, tukiache kina cha tetemeko.

Wimbi la P litaifikia safu baada ya sekunde 6. Tuipe mitambo sekunde 6 nyingine ya kuthibitisha, kupiga hesabu na kutangaza. Basi tangazo linatoka katika sekunde ya 12. Wimbi la S litafika Dar es Salaam katika sekunde ya 23, kwa hiyo mji ule una sekunde 11. Litafika hapa katika sekunde ya 40, kwa hiyo sisi tuna sekunde 28. Na Mafia yenyewe? Wimbi la S limefika pale katika sekunde ya 10. Tangazo limechelewa sekunde 2. Yaani wale walio karibu zaidi, wanaopigwa zaidi, ndio wasioonywa. Jambo hili halina dawa. Ni sheria ya maumbile, na mwuzaji wa mitambo asipowaambia, basi amewaficha.

Sekunde 28 ni kitu gani? Ni muda wa darasa moja la chini lenye milango miwili kutoka nje kwa utaratibu, kama limezoezwa. Ni muda wa kuzima pampu katika mtambo wa maji wa Ruvu Juu, ambao Dar es Salaam inautegemea. Na tangu mwaka 2024 tunayo treni ya umeme inayopita Soga na Ruvu kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kwa sekunde. Tuseme breki zinapunguza mita 1 kila sekunde. Baada ya sekunde 28 treni ile inakwenda mita 16 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa basi. Nguvu ya mwendo wake imebaki kama sehemu moja ya nane tu.

Hayo si ndoto. Japani, ambako tahadhari ilianza kutolewa kwa watu wote tarehe 1 Oktoba 2007, tetemeko kubwa la tarehe 11 Machi 2011 lilizikuta treni zao za kasi zikiwa njiani. Breki zilifungwa na vyombo vyenyewe, na hakuna treni iliyokuwa na abiria iliyoacha reli. Hata hivyo, onyo la kwanza la siku ile lilikadiria tetemeko kuwa dogo kuliko lilivyokuwa, kwa sababu ufa ulikuwa bado unaendelea kupasuka huku hesabu ikidhani kwamba limetoka mahali pamoja. Safu zina uwezo wa kuufuata ufa unapokimbia, na hiyo ni moja ya sababu wataalamu wanazipenda.

Meksiko nayo ilipoteza maelfu ya watu katika mji mkuu tarehe 19 Septemba 1985. Kitovu kilikuwa pwani, mbali na mji, basi wakapanga vyombo pwani, na tangu mwaka 1991 mji hupata kama dakika moja ya onyo kwa matetemeko ya upande ule. Lakini tarehe 19 Septemba 2017, siku ile ile ya mwaka, tetemeko lilitokea karibu na mji, na ving'ora vikalia watu wakiwa wanatikisika tayari. Waliopona siku hiyo, kwa sehemu kubwa, waliponywa na ubora wa nyumba walizokuwamo.

Bukoba na sekunde tatu

Hapa ndugu zangu tuingie Kagera. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa ule. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo wengi wetu hapa tumecheza nazo au tumesoma na vijana wake, majengo yao yalivunjika kiasi cha kufungwa.

Tetemeko lile lilikuwa chini kwa kina cha kilomita kama 40, na kitovu chake juu ya ardhi kilikuwa kilomita kama 40 kutoka mjini. Kwa kanuni ya Pythagoras, kutoka penye chanzo hadi Bukoba ni kama kilomita 57. Wimbi la S lilihitaji sekunde 16. Hata kama tungekuwa na safu bora juu ya kitovu kabisa, wimbi la P lingeifikia baada ya sekunde 7, mitambo ingetumia sekunde 6, na Bukoba ingebakiwa na sekunde 3.

Sekunde 3 zatosha kuingia chini ya dawati kwa mtoto aliyezoezwa. Hazitoshi kumtoa bibi kitandani. Ukuta wa matofali yasiyofungwa na mkanda wa zege hausubiri. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Kagera inahitaji safu au fundi mwashi, nitamjibu: fundi mwashi kwanza. Linta izunguke nyumba nzima, nondo zifungwe vizuri pembeni, na ukuta wa mwisho wa paa usiachwe umesimama peke yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Kagera tulijenga kuta nyingi sana.

Saa nane bila simu moja

Lakini msiondoke hapa mkidhani kwamba vyombo havina maana. Sikilizeni mfano wa pili. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, tetemeko kubwa sana lilitokea Sumatra, Indonesia. Vituo vya dunia nzima vililiandika mara moja. Mawimbi ya bahari yaliyozaliwa nalo, ambayo sasa wote tunayaita tsunami, yalichukua saa 8 au zaidi kuvuka Bahari ya Hindi hadi kwetu. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, na watu walikuwa wanaogelea. Kwa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Kenya, ambako habari ziliwafikia wakuu na watu wakaondolewa ufukoni, alikufa mtu mmoja.

Tazameni basi. Bukoba hata mtambo bora kabisa usingetoa zaidi ya sekunde 3. Ufukoni tulikuwa na saa 8, tetemeko limekwisha pimwa, nasi tukapoteza watu. Upungufu haukuwa wa vipima-tetemeko. Ulikuwa wa njia ya kuichukua habari kutoka kwenye chombo hadi kwenye sikio la mtoto aliye majini. Tangu hapo nchi za Bahari ya Hindi zimeunda mtandao wa pamoja, na hapa kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo yenye kutoa tahadhari za tsunami. Hiyo ni hatua kubwa.

Na hilo ndilo neno langu kuu la leo. Safu ya vipima-tetemeko hununua muda. Muda huo ni mali ya yule tu ambaye amekwisha jua, kabla ya siku yenyewe, atafanya nini nao. Kengele ikilia na watu wakaanza kuulizana, "Hii ni ya nini?", sekunde 28 zimekwisha.

Tufanye nini sisi?

Tanzania bado haina mtambo wa kutoa tahadhari ya tetemeko kwa wananchi. Vipima-tetemeko vipo, chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, lakini kuandika tetemeko na kulitangulia ni kazi mbili. Kwa maoni yangu, penye kustahili safu ya kwanza ni mwambao, kwa sababu ninyi mmeona hesabu: umbali tunao, miji mikubwa ipo, treni ipo, mabomba ya maji na ya gesi yapo. Gharama nazo zimeshuka. Mwezi ule ule wa Agosti 2020 kampuni ya Google ilitangaza kuanza kuzitumia simu za Android kama vipima-tetemeko vidogo. Simu ya mfukoni si sawa na chombo cha kweli kilichozikwa katika mwamba, lakini inaonyesha njia ilikoelekea.

Wakati tunangoja Serikali ipange yake, shule hii inaweza kufanya mambo matatu.

La kwanza, zoezi moja kila muhula, kwa kengele yenye mlio wake wa peke yake, usiofanana na wa kwenda kula. Walio karibu na mlango wa darasa la chini watoke. Walio mbali wainame, wajifunike chini ya dawati, na washikilie miguu yake. Mwalimu wa zamu ashike saa na kuandika sekunde.

La pili, wanafunzi wa fizikia wajenge chombo chao. Uzito unaoning'inia kwenye springi, sumaku na koili ya waya vinatosha kuanza. Wapange vitatu katika kiwanja, wayafuate malori ya barabara ya Morogoro, na wapige hesabu ya mwendo wake. Atakayeweza kusema lori lilitoka Chalinze au Dar es Salaam bila kulitazama, huyo ameielewa safu.

La tatu ni letu sisi tuliokwisha maliza. Chama hiki kimechanga fedha kwa ajili ya bweni jipya. Naomba, kabla ya rangi na kabla ya jiwe lenye majina yetu, Kamati itake kuiona linta ikizunguka jengo zima, na mhandisi atie sahihi yake. Watakaolala humo ni hawa mnaowaona mbele yenu.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, na mtu anayehubiri habari za sekunde hana haki ya kuzidisha dakika. Nawatakieni mkutano mwema.